Kila Mtu Fundi Nyumbani Kwake

Hapana mtu mwenye nyumba ambaye hakupata siku moja kujiona kuwa yeye ni fundi. Karani akitoka ofisini huvua shati lake akatwaa nyundo; mkulima akirudi shambani huegemeza jembe ukutani, akapanda juu ya paa. Sababu zao ni mbili, na zote ni za haki. Ya kwanza ni kuwa fundi hutaka ujira, na mshahara hauna nafasi. Ya pili ni kuwa fundi husema atakuja kesho, na kesho ya fundi ni mbali kuliko kesho ya watu wengine.

Mimi siwacheki watu hawa, kwa kuwa nyumba nyingi zingalianguka zamani kama si mikono ya wenyewe. Lakini nimekaa Amu umri wangu wote, katika nyumba ya mawe tuliyoachiwa na babu yetu, na mambo niliyoyaona katika nyumba hiyo na za jirani yanatosha kunifanya niseme neno. Wahenga walituambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno yao ni kweli. Walakini hawakutuambia ufa uzibwe kwa kitu gani, na hapo ndipo taabu yetu inapoanza.

Nianze na mambo madogo. Jirani yangu mmoja, mtu wa heshima na mwenye elimu yake, alikuwa na bilula iliyokuwa ikidondoka tone kwa tone usiku kucha. Kilichokwisha ni kile kipande kidogo cha mpira kilicho ndani, ambacho bei yake ni shilingi chache tu. Bwana yule alitwaa koleo akafungua bilula pasipo kufunga maji kwanza. Kichwa cha bilula kiliruka kikapotea chini ya kitanda, na maji yakamtoka usoni kama mvua ya masika. Akatia kidole chake ndani ya bomba, akaita watu. Mahali pa kufungia maji palikuwa pamefunikwa kwa kuni, wala hapana aliyepakumbuka ila mkewe, naye alikuwa amekwenda arusini Shela. Basi bwana yule alisimama hali kidole chake kimo ndani ya bomba tangu adhuhuri mpaka karibu ya alasiri, na watoto wa mtaa wakaja kumtazama.

Mwingine alikuwa na mlango wa kale wa mbao nzito, wa mbao mbili zenye mfaa katikati. Milango kama hiyo haina bawaba. Kila ubao una vigingi vyake viwili, cha juu na cha chini, navyo huzunguka katika matundu yaliyochongwa katika kizingiti cha juu na cha chini. Mlango ule ulikuwa ukilia, na mwenyewe akaona kuwa umeharibika. Akanunua bawaba za chuma na parafujo, akazikaza kwa nguvu. Mbao iliyokuwa imara tangu enzi ya babu yake ikapasuka toka juu hata chini, na kabla ya mwaka kupita hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kuzila bawaba zenyewe kwa kutu. Dawa ya mlango ule ilikuwa mafuta kidogo tu chini ya vigingi vyake.

Mambo haya huchekesha, nasi tulicheka. Lakini yako mengine yasiyochekesha, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nyumbani kwetu alikaa nasi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana mwenye bidii aliyekuwa amefanya kazi ya kibarua katika majengo ya Mombasa. Aliporudi, mwaka 2016, alitaka kuifaa nyumba ya wazee wake, na nia hiyo ni ya kusifiwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa birika ya maji iliyo chooni, ambayo ilikuwa ikivuja. Wenye kuzijua nyumba za Amu wanafahamu kuwa birika hizo hutiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na kuwa katika sakafu yake huwekwa bakuli la kauri, ili birika ikikaushwa kwa kuoshwa, samaki wabaki katika maji yaliyosalia ndani ya bakuli. Kijana hakulijua jambo hilo. Aliling'oa bakuli, akaipaka birika yote simiti, ambayo wengine huiita saruji, akaijaza maji siku ya pili, akawarudisha samaki. Asubuhi walikuwa wakielea juu. Simiti mpya huwa na ukali unaoingia katika maji, na samaki hawauwezi. Birika haikuvuja tena, lakini mwezi uliofuata mbu walikuwa wengi nyumbani kuliko watu, na watoto wawili wakashikwa na homa ya malaria.

Kazi yake ya pili ilikuwa ukuta wa chumba cha shangazi yangu. Shangazi ni mtu mzima sana, na chumba chake ni kile cha ndani kabisa. Chokaa ya ukuta ule ilikuwa ikimwagika chini kama unga kila siku, na kila asubuhi alikuwa akifagia. Kijana aliona haya kumwona bibi yake akifagia ukuta. Akaikwangua chokaa yote mpaka kimo cha kifua cha mtu, akapiga lipu ya simiti, akailainisha kwa mwiko hata ikang'aa. Watu walikuja kutazama wakamsifu, na shangazi akamwombea dua.

Mwaka mzima ukuta ulikuwa mzuri. Mwaka wa pili ukaonekana mstari wa unyevu juu ya ile simiti, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu. Juu ya mstari huo pakatoka chumvi nyeupe kama ukungu. Unyevu ukapanda, mwezi baada ya mwezi, hata ukafika kwenye dari, pale ambapo vichwa vya boriti huingia ukutani. Kisha ikaja masika ya mwaka 2018, ambayo kila mtu wa Kenya anaikumbuka kwa mvua yake. Katika mwezi wa Ramadhani mwaka huo, usiku, kichwa cha boriti moja kilivunjika kwa kuoza, na pande zima la dari, mawe na chokaa, likaanguka juu ya kitanda cha shangazi. Yeye alikuwa ameamka kula daku. Kama si daku ile, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Sasa nataka kueleza kwa nini mambo yalikuwa hivyo, kwa kuwa watu wengi walisema kuwa ni jicho la hasidi, na wengine wakasema kuwa kijana hakuchanganya mchanga wa kutosha. Kijana alichanganya sawasawa, kama alivyofundishwa. Alilofundishwa lilikuwa la nyumba za namna nyingine.

Nyumba ya Amu hujengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo yana matundu mengi kama sifongo, nayo hushikamanishwa kwa chokaa. Chini haina msingi wenye kizuizi cha maji. Kwa hiyo ukuta hunywa maji toka ardhini na toka mvuani, kisha huyatoa hewani kupitia lipu ya chokaa, kama vile mtungi wa udongo utoavyo jasho. Maji hayo hubeba chumvi. Chumvi ikifika usoni mwa ukuta huganda, ikaivunja chokaa, nayo humwagika kidogo kidogo. Basi ile chokaa aliyokuwa akiifagia shangazi ilikuwa inafanya kazi yake. Ilikuwa ikijitoa yenyewe ili jiwe lipone, na haki yake ilikuwa kupakwa upya kila baada ya miaka michache.

Simiti haitoi jasho. Ukiipaka juu ya ukuta kama huo, maji hukosa njia ya kutokea, nayo hayarudi chini, bali hupanda mpaka yapate mahali pa kupenya. Tena simiti ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe lenyewe. Jiwe likitaka kucheza kidogo kwa joto na baridi, simiti haikubali, na kinachovunjika ni jiwe.

Chokaa nayo ina tabia ya ajabu ambayo yafaa kila mtu aijue. Hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya kuni nyingi zilizopangwa kwa mviringo. Moto mkali hulitoa jiwe hewa iliyo ndani yake, likabaki jepesi. Likitiwa maji hufoka na kupata joto, likawa unga au uji. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huanza kuivuta tena ile hewa liliyoipoteza, taratibu, kwa miezi na miaka, hata likarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana chokaa haitaki haraka, na ndiyo maana haiwapendezi watu wanaotaka kumaliza kazi Jumamosi.

Wala tusidhani kuwa ni kitu dhaifu. Ngome ya Amu ilianza kujengwa mwaka 1813 hivi, ikamalizika yapata mwaka 1821. Simiti tunayoitumia siku hizi, ile iitwayo Portland, ilipewa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1824, kwa jina la mwashi wa Leeds aitwaye Joseph Aspdin. Yaani ngome ilikwisha simama kabla simiti hiyo haijapata hati yake. Huko Takwa, kisiwani Manda, watu walihama katika karne ya 17, na kuta za msikiti wao zingali zimesimama pasipo mtu wa kuzitunza kwa miaka mingi. Na Waingereza wenyewe, katika karne ya 20, walizipaka simiti nyumba zao nyingi za kale za matofali na mawe, wakapata unyevu na kuoza kwa mbao vilevile kama sisi, hata wajuzi wao wakarudi kufundisha kazi ya chokaa.

Sisemi kuwa simiti ni mbaya. Imetupa madaraja, matangi na nyumba za ghorofa, na tangu kiwanda cha Bamburi kilipoanza kuitengeneza mwaka 1954 imekuwa karibu na kila mtu wa pwani. Ni kitu chema mahali pake. Lakini dawa ya tumbo haitiwi machoni.

Turudi nyumbani. Siku ya tatu baada ya dari kuanguka tulikutana jamaa wote, maana nyumba ni ya warithi wengi, na nyumba ya warithi wengi ni kama ngalawa ya manahodha wengi. Mmoja alisema tuiuze. Yuko mgeni aliyekuwa tayari kununua, na fedha zake zingetutosha kujenga nyumba mpya za matofali kila mtu kwake. Msomaji asimlaumu aliyesema hivyo. Nyumba nyingi za Amu na Shela zimeuzwa kwa njia hiyo, na mara nyingi si kwa tamaa, ni kwa kushindwa na ukarabati. Mwingine alisema tuibomoe sehemu ile na kumimina zege. Huyo alikumbushwa kuwa mji wa kale una sheria ya hifadhi, na kuwa tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na kuwa mtu habomoi wala habadilishi ila kwa idhini.

Shangazi alisikiliza yote, kisha akasema, "Wanangu, mimi nimeolewa katika chumba hiki na mume wangu ametolewa katika chumba hiki. Mkiuza, niuzeni nami." Hapana aliyesema neno jingine juu ya kuuza.

Tukamwita mwashi mmoja mzee, ambaye wengi walikuwa wamesahau kuwa yu hai. Alikuja na bakora yake, akaugonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena mahali pengine, kama tabibu anavyogonga kifua cha mgonjwa. Alipomaliza alimwita mpwa wangu, aliyekuwa amejificha uani kwa aibu, akamwambia, "Mkono wako ni mzuri, kijana. Lipu hii imenyooka kuliko yangu. Uliyofundishwa ni kazi, lakini hukufundishwa ukuta." Nayaandika maneno hayo kwa kuwa ni adabu kubwa. Angeweza kumtukana, na kijana angeiacha kazi hii milele.

Kazi yenyewe ilichukua karibu mwaka. Kwanza dari iliyosalia ilitegemezwa kwa nguzo. Kisha simiti ikabanduliwa kwa patasi, taratibu, na mahali pengine ilitoka na jiwe lake, ikawa lazima kuleta mawe mapya toka Maweni, kisiwani Manda, kwa mashua, na toka gatini kwa punda, maana vichochoro vyetu havipitishi gari. Boriti zilikuwa taabu zaidi. Mwezi wa Februari mwaka 2018 Serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu, na wakata mikoko wa Amu walikuwa hawana kazi. Mwishowe tulipata boriti kongwe zilizotolewa katika nyumba iliyobomoka, nzima na ngumu kama chuma. Vyumba vya Amu ni vyembamba, upana wake haupiti mita tatu hivi, kwa sababu urefu wa boriti ndio uliowaamuru wazee. Kwa hiyo boriti za nyumba moja hufaa katika nyumba nyingine.

Baada ya hapo mzee alituambia tusifanye kitu. Ukuta ulikuwa umelewa maji, na lazima ukauke. Tulingoja kaskazi yote, madirisha yakiwa wazi, na shangazi akilala katika chumba changu. Jamaa walinung'unika kuwa mzee ametukimbia. Mwanzoni mwa mwaka 2019 akarudi, akagonga ukuta, akacheka. Chokaa ilikuwa imelala shimoni muda huo wote ikiiva. Ilipakwa tabaka tatu, kila tabaka likingoja lililotangulia, na mchanga wake ulioshwa kwa maji matamu, kwa kuwa mchanga wa pwani huwa na chumvi, na mwenye kuuchukua ufuoni anaununua ugonjwa uleule kwa bei rahisi. Aliyeshika mwiko alikuwa mpwa wangu. Mzee alikaa juu ya kiti akielekeza kwa bakora.

Chokaa ile nayo humwagika kidogo pale chini, kama ilivyo haki yake, na kijana huipaka upya. Birika amelirudishia bakuli lake.

Katika habari hii nimepata mashauri machache, nayo nayatoa kwa wenye nyumba za kila namna.

Kwanza, kabla ya kutengeneza kitu, uliza kimetengenezwa kwa nini, na kwa nini kilifanywa hivyo. Bakuli lililo chini ya birika halikuwekwa na mpumbavu.

Pili, ziba kwa kitu cha jamii moja na kile kinachozibwa. Shauri hili si la nyumba za mawe peke yake. Mwenye nyumba ya udongo na fito akipaka simiti nyembamba juu ya kiambaza, ataona inapasuka na kubanduka kama ngozi ya nyoka, kwa kuwa udongo huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, na simiti haifuati. Kandika kwa udongo uliokandwa vizuri, na kila mwaka uutazame ukuta kabla ya masika.

Tatu, mwenye paa la makuti asingoje livuje. Makuti hupangwa kuanzia upenuni kwenda juu, la juu likifunika la chini. Mwenye kutia kiraka bila kulifuata fundisho hilo huyafungulia maji mlango. Tena afunge kwa kamba ya usumba, isiyoshika kutu kama msumari.

Nne, mwenye kushika bilula afunge maji kwanza, na ajue mahali pa kufungia kabla ya siku ya haja. Na mwenye kushika nyaya za umeme asizishike kabisa. Hapa sina mzaha. Ukuta hukupa miaka miwili ya kutubu, umeme haukupi.

Tano, na hili ndilo kubwa, vijana wetu wakae na mafundi wazee wangali hai. Elimu ya chokaa kwetu haikuandikwa sana vitabuni. Imo katika kidole kigongacho ukuta. Kijana mwenye bidii asiyekuwa na mwalimu huharibu kwa bidii, na mzee mwenye elimu asiyekuwa na mwanafunzi huzikwa nayo. Wakikutana wawili hao, nyumba husimama, wala mwenye nyumba halazimiki kuuza.

Msomaji wa Pate, Siyu, Faza au penginepo aliye na njia nyingine iliyojaribiwa ya kutunza ukuta wa mawe asituwekee siri. Atuandikie, ili wengine nao wapate faida.